Mwanangu Anaazima au Ananakili?

Baba mmoja ambaye ni mfanyakazi wa kiwandani mjini Morogoro ameileta mbele ya safu hii kesi ya nyumbani kwake, naye anatuomba tuiamue. Mkewe anaishi Dumila, pale njiapanda ambapo barabara ya Kilosa inaachana na barabara kuu iendayo Dodoma, na hapo ana ghala dogo la kununulia mahindi. Kijana wao amemaliza kidato cha nne, na kwa jasho la baba yake amenunuliwa kompyuta mpakato na kulipiwa masomo ya miezi sita ya kuandika programu kwa lugha iitwayo Python. Makubaliano yalikuwa kwamba baada ya masomo kijana atamtengenezea mama yake daftari la kompyuta: nani ameleta magunia mangapi, yana kilo ngapi, amelipwa nini na bado anadai nini.

Mwisho wa mwezi baba alikwenda Dumila akaomba aonyeshwe kazi. Aliyoyaona yalimkata maini. Mistari mitano ya mwanzo ya programu ilianza yote kwa neno moja, "import", na kila alipouliza jambo fulani linafanywaje, kijana alijibu kwamba hilo limeletwa tu, limekwisha kuandikwa na watu wengine. Baya zaidi, siku hiyo hiyo programu ilikataa kwenda. Mama akarudi kwenye daftari lake la karatasi huku wakulima wamejipanga mlangoni na magunia yao. "Je, nimelipa ada ili mwanangu ajifunze kunakili kazi za watu?" anauliza baba. Sasa anatafuta mtu wa kuinunua kompyuta hiyo.

Tunamwomba asiiuze kwanza. Barua yake imefunga mambo mawili katika furushi moja. La kwanza ni shutuma kwamba kuleta kazi iliyoandikwa na mwingine ni kunakili, na hilo si kweli. La pili ni programu kukataa, na hilo lina sababu ndogo ambayo tumeiona katika kipande cha karatasi alichokiambatanisha, ambamo baba ameyaandika kwa uangalifu maneno yaliyotokea kwenye kioo cha kompyuta. (Naam, hata yeye amenakili.)

Programu ya Python ni maandishi yaliyowekwa katika faili ambalo jina lake linaishia na ".py". Faili la namna hiyo huitwa moduli pindi faili jingine linapolihitaji. Hakuna siri kubwa zaidi ya hiyo. Mwandishi wa programu akiandika

import csv

anaiambia Python: itafute moduli iitwayo csv, isome tangu mwanzo hadi mwisho, kisha niwekee jina lake hapa ili niiite nitakapokuwa na haja nayo. Kuanzia hapo, kila atakapotaka kitu kilichomo ndani ya moduli hiyo hana budi kumtaja mwenye mali kwanza, halafu nukta, halafu kitu chenyewe: csv.reader. Anayenakili hulificha jina la mwenye kazi. Anayeleta kwa "import" huliandika mwanzoni kabisa, mahali ambapo hata baba asiyeijua kompyuta ameliona.

Wala kinacholetwa si kitu cha kudharau. Kazi ya csv ni kusoma majedwali ambayo safu zake zimetenganishwa kwa alama ya mkato. Mtu atasema, kukata maneno penye mkato ni kazi gani ya kuazima kwa watu? Ni rahisi kweli, mpaka siku mama atakapoandika katika safu ya maelezo: "magunia 4, moja limelowa". Mkato huo wa ndani utaigawa sentensi vipande viwili, kila kitu kitasogea hatua moja, bei itakaa penye kilo na kilo penye tarehe, na mkulima atahesabiwa malipo ya ajabu. Walioiandika csv walikwisha kupambana na mkato huo, na mingine mibaya zaidi, miaka mingi kabla ya kijana wetu kuzaliwa. Hali kadhalika moduli ya datetime inajua Februari ya mwaka fulani ina siku ngapi, na deni la siku 90 linaangukia tarehe gani. Kijana angeweza kuyaandika hayo yote upya. Yangemla miezi mingi, na mwishowe angekuwa na kitu dhaifu kuliko kile alichopewa bure. Hatujasikia mtu akimwuliza fundi seremala kwa nini hakufua misumari mwenyewe.

Hata aliyeibuni lugha hiyo ni mwazimaji. Mholanzi Guido van Rossum alianza kuiandika Python mjini Amsterdam wakati wa Krismasi ya mwaka 1989 na kuitoa hadharani mwaka 1991. Jina alilitoa kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. La yule chatu lilikuja kupachikwa baadaye katika nembo. Mpango wa kugawa kazi katika moduli aliuchukua katika lugha nyingine iitwayo Modula-3, na hakuona haya kusema hivyo.

Tutoe mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu. Watu wa Dumila hawahitaji kuambiwa mafuriko ni nini. Januari 2014 maji yalikata mawasiliano ya barabara ya Morogoro na Dodoma hapo hapo kwao, na jamaa nyingi za Kilosa zikaachwa bila makazi. Mwaka uliofuata, 2015, ulianza jijini Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wananchi wa mitaani, walichora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko: nyumba, vichochoro, mitaro. Miongoni mwa vyombo vilivyotumika ni InaSAFE, programu iliyoandikwa kwa Python ambayo hukadiria ni majengo mangapi na watu wangapi watafikiwa na maji. InaSAFE ilizaliwa Indonesia, kwa ushirikiano wa idara ya maafa ya huko, Australia na Benki ya Dunia. Nayo haikuanzia patupu: inafanya kazi ndani ya programu ya ramani iitwayo QGIS, na mafaili yake yanaanza, kama lile la kijana wa Dumila, kwa mistari ya kuleta moduli za QGIS. Kazi iliyofanywa kwa ajili ya mito ya Jakarta ikasaidia kuhesabu nyumba za bonde la Msimbazi. Ni nani hapo aliyemwibia mwenzake?

Hata hivyo tunaielewa hofu ya baba. Neno "import" kwa Kiswahili cha forodhani ni kuagiza bidhaa kutoka nje, na taifa letu lina historia ndefu na neno hilo. Wazee wa ofisini wanakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine kuleta vurugu na hasara. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa na hatimaye kuondolewa. Kwa maoni ya mwandishi wa safu hii, kosa la wakati ule halikuwa kuagiza, bali kuagiza kitu ambacho wachache mno nyumbani walijua kinavyofanya kazi, kisha kukikabidhi hazina yote. Swali la kumwuliza kijana, basi, ni hili: hicho ulicholeta umekitoa wapi, na unajua kinafanya nini?

Majibu yako ya aina mbili, na afadhali mzazi azitofautishe. Moduli za csv na datetime hazitoki nje kabisa. Zinakuja pamoja na Python yenyewe siku inapowekwa katika kompyuta, pamoja na nyingine zaidi ya 200 za hesabu, tarehe, mafaili na barua. Kuzileta hakuhitaji bando, hakuhitaji mtandao, na ghalani Dumila umeme ukikatika, ilimradi betri ina chaji, zipo. Ni akiba iliyomo jikoni.

Aina ya pili ni zile ambazo wananchi wa dunia nzima wameziweka katika ghala la pamoja liitwalo PyPI. Humo mna kazi zaidi ya 500,000, na mtu huzichukua kwa amri iitwayo pip. Hapa vijana wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tulieleze polepole. Amri ya pip huleta mzigo mpaka nyumbani na kuuweka stoo. Hufanywa mara moja, nayo inataka mtandao. Neno "import" huutoa stoo na kuupeleka mezani, na hufanywa katika kila faili lenye haja nao. Aliyefanya la pili bila la kwanza ataambiwa moduli haikuonekana, hata aandike jina lake kwa usahihi namna gani. Na majina nayo yana vituko vyake: kifurushi cha kushughulikia picha huagizwa kwa jina la Pillow, lakini kikifika mezani huitwa PIL. Ni kama yule jirani anayejulikana mtaani kwa jina moja na kazini kwa jingine; huna budi kuyajua yote mawili.

Katika ghala hilo la dunia ndimo mtu anamoweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2019 iligunduliwa humo moduli iliyoiga jina la moduli halali iitwayo jellyfish. Tofauti ilikuwa herufi moja: badala ya l ndogo ya kwanza iliwekwa I kubwa. Tazama mwenyewe, msomaji, kama jicho lako linaweza kutenganisha jellyfish na jeIlyfish katika gazeti hili. Moduli hiyo bandia ilikuwa ikiiba funguo za siri kutoka katika kompyuta za walioichukua, na ilikuwa imekaa ghalani karibu mwaka mzima kabla ya kutupwa nje. Kijana anayetunza hesabu za fedha za wakulima asichukue kitu humo kwa sababu tu jina lake linavutia. Aangalie ni nani anakitunza, kimekuwapo tangu lini, na jina aliandike herufi kwa herufi. Kwa daftari la mahindi, lakini, tunaona hana haja ya kutoka nje hata kidogo. Yaliyomo jikoni yanamtosha.

Sasa tuje kwenye lile lililomwaibisha kijana mbele ya wakulima.

Kipande cha karatasi cha baba kinasema, kwa ufupi, kwamba moduli ya csv imeanzishwa nusu nusu na haina kitu kiitwacho reader. Moduli hiyo ina reader tangu zamani. Kwa nini basi Python ikane? Chini ya maneno hayo baba amenakili pia jina la faili la mwanawe, nalo ni csv.py.

Chukua mfano wa mama anayemtuma mtoto: kaniletee chumvi. Mtoto haendi kwanza sokoni. Anaanza jikoni, akikosa anakwenda stoo, akikosa anakwenda dukani, na popote anapoiona kwanza ndipo anapochukua. Python nayo ina orodha yake ya mahali pa kutafuta. Ukiacha moduli chache zilizoshonwa ndani ya mwili wake, inaanza katika folda lile lile lenye programu unayoiendesha, kisha inakwenda kwenye akiba iliyokuja nayo, kisha kwenye vile vilivyoletwa kwa pip. Ikikuta jina, inasimama hapo. Haiendelei kuchungulia kama mbele kuna kilicho bora. Kijana wetu alipolipa faili lake jina la csv.py, aliweka jikoni kopo tupu lenye maandishi ya "chumvi". Python ilipotumwa kuleta csv ikalikuta kopo hilo, yaani ikakuta programu ya kijana mwenyewe, ikaanza kuisoma. Ndani yake ikakuta tena amri ya kuleta csv. Ikajibu kwamba inayo tayari, ndiyo hii niliyo katikati ya kuisoma. Na ilipoulizwa reader iko wapi, haikuwa na la kusema.

Kosa hili ni la kawaida mno kwa wanaoanza. Wengi wameita mafaili yao random.py au email.py wakapata adhabu hiyo hiyo. Watunzaji wa Python waliona vijana wanavyoteseka, na katika toleo la 3.13 lililotoka Oktoba 2024 waliongeza maneno ya kumwambia mtu waziwazi kwamba faili lake lina jina sawa na la moduli ya akiba, na kumshauri alibadilishe. Katika matoleo ya nyuma ya hapo mtu huachwa akune kichwa. Dawa ni kulipa faili jina jingine, tuseme ghala.py. Kijana akiwa na shaka siku nyingine, aandike print(csv.__file__), na Python itamwonyesha hasa kopo alilochotea.

Kuna tabia nyingine moja tunayotaka aiache mapema, nayo ni ile ya kuleta vyote kwa nyota, kwa mfano "from os import *". Amri hiyo humwaga kila kilichomo katika moduli hiyo juu ya meza bila jina la mwenyewe, na kimojawapo ni kitu kiitwacho open, ambacho kitalifunika lile neno open la kawaida la kufungulia mafaili. Kesho yake kijana atafungua daftari la mauzo kama siku zote, na daftari litagoma. Wanaopenda ufupi wana njia ya heshima: wanaweza kuchukua kitu kimoja kwa jina, au kuipa moduli jina fupi kwa neno "as".

Lakini hayo ni malezi ya mkono. Lililo zito zaidi, na ambalo tungependa baba alitazame kabla ya kumhukumu mwanawe, ni yale ambayo hakuna moduli yoyote duniani itakayomletea. Hakuna mtu Amsterdam wala Jakarta anayejua debe la mama yake lina kilo ngapi za mahindi makavu. Hakuna anayejua lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini kila anayefika sokoni ameona magunia yaliyojazwa mpaka yakaota kilemba, na mkulima akalipwa kama aliyeleta 100. Programu inayohesabu magunia bila kuuliza mizani itaendeleza dhuluma hiyo kwa kasi na kwa maandishi mazuri. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kijana lazima aiandike mwenyewe, baada ya kusimama ghalani na mama yake na kupima.

Naye aiandike kama moduli. Afungue faili aliite vipimo.py, aweke humo mistari michache:

KILO_ZA_GUNIA = 100

def kilo(magunia):
    return magunia * KILO_ZA_GUNIA

Kisha katika ghala.py aandike "import vipimo", na penye haja aseme vipimo.kilo(7). Mahali pa magunia yaliyopimwa, aongeze njia ya kupokea uzito wa mizani badala ya kukisia. Faida yake ni hii: namba ya 100 inakaa mahali pamoja. Tumeona programu za madukani ambazo namba kama hiyo imetawanywa sehemu saba. Siku inapobadilika, mtu anarekebisha sita, na ile ya saba inaendelea kula fedha za watu kimya kimya. Kama ataweka chini ya faili hilo mistari ya kulijaribu, aitangulize kwa if __name__ == "__main__": ili majaribio hayo yaende tu faili linapoendeshwa lenyewe, yasije yakajimwaga kwenye kioo kila linapoletwa na jingine. Tumekwisha kusema kwamba kuleta moduli ni kuisoma yote, na kusoma huko hufanywa mara moja tu kwa kila safari ya programu.

Jirani wa mama mwenye ghala lake hapo Magole akitaka daftari kama hilo, kijana atampa vipimo.py vile vile ilivyo, na aliyeajiriwa na jirani huyo ataandika "import vipimo" kwenye mstari wake wa kwanza. Baba akipita huko akaiona, atajua kazi ni ya nani.

Kwa hiyo shauri letu kwa mzazi wa Morogoro ni dogo. Jumamosi hii apande basi hadi Dumila, faili libadilishwe jina mbele yake, kisha waketi watatu, yeye, mama na kijana, pamoja na mizani, na magunia matano yoyote yapimwe. Mama asome uzito, kijana aandike. Kompyuta isubiri mnunuzi mpaka hapo.